Spesa Niliyomchongea Mtu wa Matombo

Jamani, leo sina sura. Nimebaki na masikio tu, na yenyewe yanawaka moto.

Naandika kutoka intaneti kafe hapa mjini Morogoro, nimejikunyata kwenye kompyuta ya pembeni kabisa. Bora mlisikie kwangu kabla halijawafikia kwa mdomo wa watu wa Dakawa.

Kwa msionijua: mimi ni Mashaka, fundi wa kukereza vyuma. (Jina nilipewa na baba. Leo nimelitendea haki.) Mashine yangu niliipata pale kiwanda kimoja kilipobinafsishwa na mwenye mali mpya akaamua kuuza kila kitu isipokuwa geti. Na tangu magari ya Japani yaanze kumwagika nchini, vijana wa mji huu wana ugonjwa wa kuyashusha. Wanakata springi mpaka gari linalala chini kama paka anayewinda. Likishashuka, tairi linaanza kukwaruza kwa ndani. Hapo ndipo wanaponikumbuka. Nawachongea spesa, yaani kisahani cha aluminiamu kinachokaa mwisho wa ekseli, kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu, kikasukuma gurudumu nje kidogo. Kelele kwisha.

Spesa yangu nimeibuni mwenyewe. Ina ukingo katikati unaoikamata rimu isiyumbe. Nilihangaika nao sana ule ukingo, nikaharibu aluminiamu ya kutosha kutengeneza sufuria za harusi. Halafu mwezi uliopita nikaikuta spesa yangu inauzwa karakana nyingine! Ukingo uleule. Wamenakili mpaka mkwaruzo ambao mashine yangu huuacha kwa bahati mbaya!

Tangu siku hiyo simwamini mtu. Mteja akiuliza bei, namtazama viatu. Akikohoa, nafunika kazi kwa gunia.

Basi. Leo asubuhi akaja mzee mmoja. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Kwa miguu. Mtu wa spesa anakuja kwa miguu?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi unayechonga spesa za magari yaliyoshushwa?"

"Inategemea nani anauliza."

Akacheka. (Majasusi ndivyo wanavyocheka, nikajiambia.) Akasema anaitwa Mkude, anataka spesa za magurudumu ya nyuma.

"Gari liko wapi?"

"Lipo kwa dada, Kilakala. Tumelipandisha juu ya mawe, magurudumu tumeshatoa."

"Kwa hiyo unaishi Kilakala?"

"Hapana. Mimi wa Matombo."

Matombo! Jamani, nani asiyeijua barabara ya Matombo? Yale makorongo, zile kona za mlimani, mawe kama vichwa vya ng'ombe. Gari lililoshushwa likifika huko linaacha tumbo lote njiani. Mtu wa Matombo anataka spesa za gari la chini? Nikasema huyu katumwa, tena waliomtuma hawakumfundisha hata kudanganya.

Akatoa kipande cha katoni ya sabuni. Amechora habu: duara la katikati, matundu ya boliti, vipimo vyote. Safi. Safi kupita kiasi! Kisha akaokota spesa moja mezani, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ule ukingo wangu taratibu.

"Hapa ndipo penye ujanja, siyo?"

Damu ikanipanda. Mama Pili, anayekaanga vitumbua pale mlangoni kwangu, akaninong'oneza, "Mashaka, mbona umekunja uso hivyo? Mhudumie mzee wa watu."

"Mama Pili, hujui wewe. Huyu ni wale."

"Wale gani?"

"Wale!"

Nikapata wazo. (Ndugu zangu, nikiwaambia nimepata wazo, nizuieni.) Nikaamua kumchongea, ndiyo, lakini tundu la kati nilipanue kidogo. Kwa macho huoni kitu. Ukifunga, spesa inakaa upande, na gari likikolea mwendo usukani unatetemeka kama una homa. Wacha waliomtuma wainakili hiyo! Wateja wao watarudi kwangu mbio. Nikawa nachonga huku nacheka kimoyomoyo, na yule mzee amesimama ananisifia, "Mkono wako mwepesi, kijana."

Akachukua mzigo wake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mungu akubariki. Mama atafurahi sana."

Mama? Mama gani tena? Nikaona hapa lazima nimfuate nijue mwisho wake. Gari langu lisingefaa, ekzosi yake inasikika mpaka Uluguru juu. Nikafunga karakana, nikaenda kwa miguu nyuma yake, kila akigeuka mimi nainama kufunga kamba za viatu. (Nilivaa ndala.)

Nilitegemea atakata kona kuelekea kwa wale wezi wa ukingo. Hakukata. Akaenda moja kwa moja Kilakala, akaingia kwenye nyumba yenye ua wa michongoma. Nikajibanza nje, nikatenga nafasi ya jicho moja.

Ndani kulikuwa na gari jeupe juu ya mawe. Limeshushwa kweli! Na bibi mmoja mzee, amekaa kwenye kiti, miguu imevimba, kanga mpya mabegani. Mkude akampigia magoti.

"Mama, spesa hizi hapa. Sasa gari lako halitakwaruza tena."

"Ahsante mwanangu. Maana yale magari marefu yananishinda. Hili naingia kama nakaa kwenye kigoda."

Yule dada mtu, mwenye nyumba, akawa anawahimiza vijana wawili wakaze boliti upesi. "Sendofu ya kumuaga mjukuu anayeolewa inaanza saa nane, na Dakawa siyo hapa! Mkitoka mjini, lami tupu, mtakanyaga mafuta tu mtawahi."

Kumbe! Gari lilikuwa la bibi. Linakaa Kilakala, halijawahi kuiona Matombo. Mzee alikuja tu kumchukua mama yake. Na sasa wanampakia bibi kwenye gari lenye spesa zangu za kishetani, wanakwenda nalo kwenye lami kwa mwendo mkali!

Sikufikiria. Niliruka nikapiga kelele, "Msifunge hizo spesa!"

Michongoma haikuafiki. Miiba ikaikamata ovaroli yangu nyuma, mimi nikaenda mbele, ovaroli ikabaki. Siyo yote. Ilibaki ile sehemu muhimu. Nikatua uani kwa kifua, mbele ya bibi, upepo wa mlimani ukinipuliza kusikopulizwa.

"Mwiziiii!" akapiga yowe dada mtu.

Na Kilakala ukipiga yowe saa za mchana, watu wanakuja kama wamealikwa. Ua ukajaa. Mmoja kashika mwiko, mwingine kashika nusu tofali. Mkude akanitambua.

"Subirini! Huyu ni fundi wangu! Fundi, kulikoni?"

Ningeweza kudanganya. Lakini lile nusu tofali lilikuwa karibu. Isitoshe, nikamtazama yule bibi na miguu yake, ulimi ukafunguka wenyewe. Nikasema yote. Kwamba nilimdhania ni jasusi. Kwamba nililipanua tundu makusudi.

Mkude akaitazama spesa mkononi mwake, kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kweli, kuliko hata habari ya ovaroli.

"Mimi nilikusifia, kijana," akasema taratibu.

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, si ungeuliza tu gari la nani?"

Kweli, jamani. Ningeuliza tu!

Akavua kanga yake, akanirushia. "Jisitiri. Kisha twende ukazichonge upya, na mimi nikuone."

Wakarudisha magurudumu bila spesa, tukaenda karakana, tairi zikikwaruza njia nzima na mimi nikisoma sala zote ninazozijua. Nikachonga upya nikiwa nimevaa kanga ya maua, nimeibana kwa waya isije ikaingia kwenye mashine. Bibi amekaa kwa Mama Pili anakula vitumbua, ananielekezea kidole.

"Mama Pili, hakosi kitu huyo?"

"Bibi, huyo anakosa mke tu. Na sasa sijui nani atamchukua."

Nikapima, nikapima tena, nikafunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema haya, mzee Mkude, nisamehe, safari njema.

"Safari njema kwa nani?" akauliza bibi. "Panda. Kama spesa ni nzuri, na wewe utakaa humo."

Nikapanda na kanga yangu. Nilikaa nyuma, juu kabisa ya gurudumu, nikisikiliza kila mlio. Gari lilitulia kama godoro. Tulipovuka mwendo ambao mimi mwenyewe siuthubutu, Mkude akanitazama kwenye kioo, kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Sasa hii ndiyo kazi yako."

Nikadhani yameisha. Tukafika Dakawa, tukakuta turubai, muziki na watu tele. Nikatafuta kona ya kujificha. Bibi akanishika mkono akanivuta mpaka mbele, akaomba maikrofoni.

"Jamani, kabla ya keki, nawatambulisha fundi wangu. Huyu ndiye aliyetaka tairi litutoke njiani. Fundi, simama vizuri watu wakuone. Geuka na nyuma."

Nikageuka, na kanga yangu ya maua na waya wake.

Naomba sana asicheke mtu hapa. Watu wa Dakawa wameshacheka kwa niaba yenu.