Tangazo la Chai ya Tumbo Lililoingia kwenye Intavyu Yangu

Leo asubuhi, kwenye foleni ya maji, mtoto wangu amemuuliza mke wa mkuu wa kambi yetu ya polisi: "Je, tumbo lako linakuaibisha?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika.

Mtoto anaitwa Aber. Ana miaka minne. Aliuliza kwa sauti tamu ya mtangazaji, mkono mmoja kiunoni, vilevile anavyoona kwenye kompyuta yetu. Foleni nzima ikageuka. Mke wa mkuu ni mama mpana mwenye heshima zake, na mume wake ndiye anayegawa nyumba humu kambini. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi. Nikamwambia ni tangazo tu, la kompyuta. Akaniuliza kompyuta yangu imemjulia wapi.

Nikabeba dumu likiwa nusu, nikamshika Aber mkono, nikarudi nyumbani nikichemka kuliko sufuria ya posho, ugali wetu. Nikasema leo ama hiyo chai ya kupunguza tumbo itoke kwenye kompyuta, ama mimi nitoke.

Niwaeleze, wanakundi wenzangu, hiyo chai imeingiaje, msije mkadhani naangalia mambo mabaya.

Kuna kampuni moja ya malori ya mizigo. Inatafuta mtu wa kupokea simu na barua za wateja wa Kenya na Congo, kwa Kiswahili, na kazi unafanyia nyumbani. Mimi nimemaliza sekondari, nikaishia hapo. Miaka mitatu natafuta kazi. Kampala hii wenye digrii na Kiingereza cha puani wamejaa, nenda chuo cha Kyambogo uwahesabu. Lakini Kiswahili? Wengi wanakikimbia. Mimi nimezaliwa kambini, baba polisi, sasa mume polisi. Kiswahili ndicho kimenilea. Nikajiambia hii kazi ni yangu, imepotea njia tu.

Kampuni ikataka wasifu wangu uje kwenye faili la aina fulani. Nikatafuta programu ya bure ya kugeuza faili, nikaipata, nikaanza kuiweka. Ikawa inauliza maswali. Unakubali? Unakubali pia hiki? Na hiki? Sasa mtu aliyekulia kambini ana ugonjwa wake. Akiulizwa kwa sauti ya amri, jibu ni "Ndiyo, afande." Nilibonyeza Ndiyo, afande, mara sita bila kusoma hata neno moja (na ya saba, ambayo nitaifikia, kwa aibu).

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ya mabati imekuwa soko. Fungua barua, linakuja tangazo. Fungua picha ya harusi ya dada yangu, bibi harusi anafunikwa na mwanamke anayeshika tumbo. Na kwa sababu nilikuwa nimeiweka kompyuta yote kwa Kiswahili nijizoeze kazi, matangazo nayo yakaja kwa Kiswahili, tena safi kunishinda. Bando la wiki linaisha siku ya pili. Wiki tatu nimevumilia, nafunga dirisha moja, yanafunguka mawili.

Na intavyu ilikuwa leo. Saa nne, kwa video, kwenye kompyuta hiyohiyo.

Saa mbili nikampigia simu fundi wa Wandegeya aliyetuuzia kompyuta. Akasema niilete, atafutilia mbali kila kitu kilichomo, nirudi Alhamisi. Nikamwambia intavyu ni leo. Akasema basi niombe Mungu. Nikakata simu. Mungu nitamwomba, lakini kwanza nitavunja mtu.

Nikakaa. Nikafungua orodha ya programu zote zilizomo ndani, nikazipanga kwa tarehe zilivyoingia. Banange, jamani! Siku ile niliyoweka programu moja, zilikuwa zimeingia nne. Zile tatu nyingine zilikuja nyuma yake kama watu wanaomfuata mgeni mmoja mwenye kadi hadi kwenye meza ya chakula. Moja ilijiita msaidizi wa ununuzi. Nyingine mtabiri wa hali ya hewa. Ya tatu ilikuwa na jina la kusafisha kompyuta, na ndiyo iliyokuwa inaleta uchafu.

Nikaanza kuziondoa. Msaidizi wa ununuzi akaniuliza kama nina uhakika. Ndiyo. Akaniuliza kama ningependa kumpumzisha tu kwa siku chache. Hapana. Akaniambia nitamkosa. (Mume wangu mwenyewe akienda kazini Karamoja hasemi maneno kama hayo.) Nikamtoa. Nikaitoa hali ya hewa. Nikalitoa safisha-safisha. Nikatoa na ile ya kugeuza faili, kwa sababu mwenye kuleta wageni kama hao hastahili kubaki.

Kisha nikaingia kwenye kivinjari, yaani pale ninapofungulia intaneti, nikakuta vimetundikwa viendelezi, vijiprogramu viwili nisivyovijua, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nikavibandua. Nikazima kompyuta, nikaiwasha tena. Nikafungua ukurasa. Kimya. Nikafungua mwingine. Kimya. Picha ya harusi: dada yangu huyo, uso wote.

Nilicheza peke yangu. Saa tatu na nusu, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kitambaa cha vyombo, nikazunguka chumba. Aber akacheza pia, hajui kwa nini. Nikampeleka kwa jirani, nikavaa blauzi ya kanisani juu na leso ya kujifunga chini (kamera haifiki huko, nilipima), nikaketi. Nyuma yangu ukutani nimebakiza kalenda tu.

Saa nne kamili wakatokea. Watu watatu. Mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani. Kijana wa ofisi ya wafanyakazi, tai imemkaba. Na katikati mkurugenzi mwenyewe, mzee mwenye mvi kichwa kizima, ana sura ya babu yangu wa Kitgum.

Mzee akasema taratibu, "Habari yako, binti yangu."

Nikapiga magoti.

Sikufikiri. Mama yangu alinifundisha kwamba mwenye mvi hasalimiwi ukiwa umekaa kitini kama mwenzake, na magoti yangu yana akili yao, hayasubiri ruhusa. Nikashuka chini, nikainamisha kichwa, nikaitikia vizuri, "Nzuri, mzee wangu, shikamoo." Kwa adabu zote. Wao wakabaki wanatazama kiti na kalenda.

Nikamsikia yule mama wa Nairobi akiuliza nimeenda wapi.

Nikashtuka. Nikashika ukingo wa meza niinuke, mkono ukatua juu ya kipanya, kipanya kikabonyeza. Na kwa bahati yangu, wakati huohuo pembeni mwa skrini kilikuwa kimechomoza kidirisha kidogo. Nilikiona kwa jicho moja tu, nikiwa bado nusu chini ya meza. Ukurasa mzima ukafunguka. Spika zangu mbili, ambazo nilikuwa nimezipandisha hadi mwisho nisikose swali hata moja, zikamuuliza mkurugenzi:

"Je, tumbo lako linakuaibisha?"

Nataka mwelewe. Kwao ilikuwa ni kiti kitupu, halafu sauti ya mwanamke inauliza.

Nikapanda kitini kama mtu anayetoka kisimani. Nikafunga ukurasa. Ukauliza kama nina uhakika wa kuondoka. Nikafunga tena. Ukafungua mwenzake. Nikaona afadhali nizime maikrofoni nipambane kwanza, nitaeleza baadaye. Nikabonyeza kitufe, picha yangu ikawa nyeusi, nikasema vizuri, sasa hawanisikii.

Nikaiendea kompyuta kwa Kiswahili cha kambini. Si kile cha barua. Kile cha sajini akimkuta kuruta amelala lindoni.

"Wewe! Toka! Nani amekuita hapa? Nimekutoa mlangoni, unaingia dirishani? Unanijua mimi ni mtoto wa nani? Tumbo langu limezaa mtu! La kwako limefanya nini?"

Na mengine ambayo siandiki hapa, kwa sababu mama yangu anasoma kundi hili.

Nilipopata pumzi, ukurasa umefungika, chumba kimetulia. Ndipo sauti ya mzee ikatoka kwenye spika, taratibu vilevile.

"Mama, hatukuoni. Lakini kusikia, tunakusikia vizuri sana."

Nilikuwa nimezima kamera. Maikrofoni nilikuwa nimeiacha wazi kama mlango wa kanisa.

Kuna aibu inayokufanya utamani ardhi ipasuke. Hii yangu haikutaka ardhi, ilitaka treni. Nikawasha kamera. Mama wa Nairobi alikuwa amevua miwani, anafuta macho. Kijana wa tai hakuwepo, ila niliona bega lake chini ya skrini linatikisika. Nikaanza kuomba radhi. Nikasema kazi ya watu imeenda, basi angalau niseme ukweli: foleni ya maji, mtoto, mke wa mkuu, wiki tatu, Ndiyo afande. Nilisema yote bila koma.

Mzee hakucheka. Akasogea karibu na kamera, akashusha sauti kama mtu aliye mbele ya daktari. Akaniuliza kama hiyo chai ni ile ya mwanamke mwenye gauni la kijani.

Nikasema ndiyo, ni yeye.

Akasema amekuwa naye tangu Krismasi. Anamtokea katikati ya mikutano. Aliona aibu kuwaambia vijana wake wa kompyuta, wasije wakadhani yeye ndiye aliyeitafuta chai ya kupunguza tumbo. (Kijana wa tai alirudi kwenye skrini haraka sana.)

Hapo akili yangu ikafunguka. Kile kidirisha kidogo kilikuwa kimeandikwa jina la tovuti kwa chini. Kumbe programu zilikwisha kutoka kweli, hilo nililiweza. Kilichobaki ni ruhusa. Na nikakumbuka ile Ndiyo yangu ya saba. Siku ile ukurasa mmoja uliniambia nibonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Nikathibitisha, tena kwa fahari. Kumbe niliwapa ufunguo wa kunitumia arifa usiku na mchana.

Nikamwambia, "Mzee wangu, fungua mipangilio ya kivinjari chako. Tutamtoa pamoja."

Nikamwongoza hatua kwa hatua. Faragha na usalama. Mipangilio ya tovuti. Arifa. Mimi nafanya kwangu, yeye anafanya kwake. Akibonyeza pabaya namrudisha. Akiuliza neno, namweleza kwa neno jingine. Kwangu zilikuwa tovuti mbili zilizoruhusiwa. Kwake zilijaa hadi chini, akawa ananisomea majina moja moja kama anaita mahudhurio, na mimi namwambia ondoa, ondoa, hiyo ya benki acha, ondoa. Ya mwisho ilipotoka tukasubiri sote wanne. Dakika moja. Mbili. Hakuna tumbo lililoulizwa kitu.

Mzee akaegemea kiti. Akasema mafundi watatu wamewahi kumweleza mambo ya kompyuta na hajawahi kuelewa hata mmoja.

Akageuka kwa mama wa Nairobi, akamwambia sehemu ya simu nimefaulu. Kilichobaki ni mtihani wa barua. Halafu akanitazama.

"Yale uliyoiambia kompyuta, yaandike sasa kwa adabu. Liwe lalamiko rasmi. Dakika ishirini."

Niliandika kwa kumi na mbili. Wakalisoma mbele yangu, kijana wa tai akalisoma mara mbili. Mama wa Nairobi akaniambia naanza Jumatatu.

Naanza Jumatatu! Mimi, wa leso chini!

Basi barua ilikuwa nzuri mno kuishia kwenye mtihani. Saa saba mchana nimeituma kwa anwani iliyo chini ya tangazo, na nakala nimeipeleka kwa ofisi inayosimamia mawasiliano, kwa fomu yao, na nimepewa namba ya lalamiko. Hii hapa. Mkicheka, mcheke polepole, ni hati rasmi.

*KUH: LALAMIKO DHIDI YA TANGAZO LENU LA CHAI YA KUPUNGUZA TUMBO*

*Mheshimiwa Meneja,*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kampala. Kwa muda wa wiki tatu tangazo lenu limeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, limekula bando langu, na limemfundisha mtoto wangu swali ambalo hakupaswa kulijua. Swali hilo ameliuliza mbele ya foleni ya watu, kwa mama anayeheshimika, na sasa mama huyo hanisalimu.*

*Nakiri kwamba nilibonyeza Ruhusu kwa kidole changu. Lakini niliombwa kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu, sikuombwa kununua chai. Kumdanganya mtu ili akufungulie mlango ni wizi, hata kama ndani umebeba majani tu.*

*Naomba muache kutumia njia hiyo. Naomba pia barua ya kuomba radhi, yenye muhuri, nitakayompelekea mama niliyemtaja. Iandikwe na mtu. Mashine isinijibu.*

*Tangazo lenu linadai kwamba siku saba zinatosha kuondoa tumbo lililokaa miaka kumi. Basi siku hizohizo zitawatosha kujibu ukurasa mmoja.*

*Wenu katika hasira,*
*Mama Aber*