Wiki Moja ya Kumzoesha Juliana Choo

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mwalimu Esther wa darasa maalumu amesema leo saa tatu: binti yangu Juliana, miaka saba, mwenye usonji, atapokelewa Jumatatu ijayo akimaliza siku moja shuleni bila kujikojolea. Nafasi ni moja. Mwaka huu hakuna nyingine. Mke wangu Magreth alilia. Mimi niliahidi matokeo ifikapo Jumatano. Miaka kumi na tisa ya uandishi wa habari haiwezi kushindwa na choo.

Jumanne, 7 Machi
Soko huria oyee! Nimepata mjini poti ya plastiki kutoka Dubai. Mtoto akikojoa, inapiga muziki. Juliana alikojoa. Ikapiga. Akaziba masikio, akapanda juu ya kabati, akakaa huko saa mbili. Magreth aliuliza kama watu wa Dubai nao wanazitumia, au wametuletea sisi tu.

Jumatano, 8 Machi
Mpango wa pili: vikombe vinne vya maji ya ndimu, kisha subira. Nilichuchumaa naye chooni dakika hamsini. Miguu ganzi. Hakuna kitu! Tukatoka. Akamalizia kwenye mashine yangu ya taipu, kisha akaifunika vizuri kwa sinia. Habari ya bei ya nyanya haikufika Dar.

Alhamisi, 9 Machi
Mama mkwe, Bibi Veronika, ameteremka kutoka Mlali na kikapu cha maharage. Magreth alimwita bila kunishauri! Mambo ya choo mtu hazungumzi na mkwewe. Nilimpa shikamoo, tukaongelea mvua. Alasiri alimfunga Juliana kanga nyekundu, wakaenda uani. Wakarudi. Mkavu!

Ijumaa, 10 Machi
Mara tano uani, mara tano mkavu. Nilichungulia dirisha la jikoni. Kila safari, kanga nyekundu. Basi siri ni kanga! Magreth alisema, Baba Juliana, dirisha hilo halioni mlango wa choo, kamuulize mama. Nimuulize mkwe? Nina adabu zangu.

Jumatatu, 13 Machi
Nilimpeleka mwenyewe, na kanga mbili za akiba. Saa nne Juliana alitazama tundu la choo cha shule. Yowe! Nikambadilishia kanga. Yowe. Nikambadilishia tena. Mwalimu Esther alitazama saa, akasema anasikitika.

Ndipo Magreth akaingia akihema, kichwani mfuniko wa choo chetu, ule wa mbao wenye mpini mrefu. Alimweleza mwalimu kwamba Juliana havumilii kitu kilichoachwa wazi. Bibi aliligundua hilo siku ya kwanza, akampa kazi: funua, maliza, funika. Mwalimu aliweka mfuniko juu ya tundu. Juliana akafunua. Akamaliza. Akafunika, akaugonga mara mbili. Hadi saa nane, mkavu.

Amepokelewa! Magreth alinipokonya kanga zote akafutia machozi.

Jumanne, 14 Machi
Wazazi wanne wamekuja kuuliza tulifanyaje. Nimewaeleza kwa usahihi: kanga nyekundu, ya pamba, fundo upande wa kushoto. Mfuniko nao ulisaidia kidogo. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage, alicheka hadi akashika ukuta. Kwa heshima, sikumuuliza sababu.

Semina ni Jumamosi, tarehe 18, saa nne asubuhi, ukumbi wa parokia. Kila mzazi aje na kanga yake.