Nenosiri Lililobaki kwa Mutinta

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimejivua madaraka kwa mkono wangu. Mimi, Choolwe Hamoonga, fundi wa mitambo wa redio yetu ya jamii hapa Choma, mwaka wa tisa sasa. Sina tena ruhusa ya kuisimamia seva niliyoibeba mwenyewe kutoka kwenye gari siku ilipoletwa.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita mkurugenzi alimpa Simweete, mtangazaji wa jioni, usimamizi wa seva pamoja nami. Tangu hapo anajiita mkuu wa dijitali. Nikaona nimwondoe kimyakimya, saa ya chai. Orodha ya wasimamizi ina majina matatu. Nikaweka alama kwenye jina lake, nikabonyeza ondoa. Kumbe alama zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa kwenye jina langu.

Amebaki msimamizi mmoja, Mutinta Siankuku. Tulikaa meza moja miaka minne, kisha akapata kazi Livingstone. Miaka miwili sasa. Jina lake nilitakiwa kulifuta wiki ileile. Kila nikifika hapo mkono unakuwa mzito. Huwa nalitazama asubuhi, kabla sijafungua barua pepe.

Kumpigia ni kazi ya dakika moja. Sitampigia. Mtu hawezi kunyamaza miaka miwili halafu aanze na nenosiri.

Jumanne, 10 Septemba

Bina Mizinga amekuja. Mumewe alikuwa mpigaji wa kalumbu, ule upinde wa uzi mmoja na kibuyu kifuani. Alifariki mwaka jana. Jumamosi wanazindua jiwe la kaburi lake.

“Mwanangu Hamoonga,” akasema, “nataka siku hiyo apige mwenyewe. Picha zake ninazo. Sauti iko kwenu.”

Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Hakuna kilicho tayari. Rekodi ni moja tu, tuliirekodi mimi na Mutinta uani kwa Bina Mizinga, na iko kwenye jalada ambalo seva humfungulia msimamizi peke yake.

Mchana nikaanza kubahatisha nenosiri la Mutinta. Kijiji chao. Mbwa wao. Kwaya yake. Mwishoni nikajaribu jina langu. Kwa herufi ndogo, kwa herufi kubwa, na mwaka wangu wa kuzaliwa. Seva ikakataa yote, ikaniambia nisubiri nusu saa. Sijui kwa nini nilihuzunika vile. Ni mashine.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango mpya. Seva ukiiwasha kwa flashi ya uokozi, unaingia bila kuulizwa nenosiri. Nikatangaza ofisini kwamba ni siku ya usafi wa mitambo. Simweete akauliza usafi gani hauna hata kitambaa. Nikaenda kutafuta kitambaa.

Nikaizima. Nikaiwasha. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Mutinta aliifunga diski yenyewe, baada ya wezi kuvunja ofisi ya jirani. Flashi haikusaidia kitu. Ikiwashwa upya, seva hudai sentensi ya siri kabla ya kufanya jambo lolote, na sentensi hiyo anaijua yeye. Haikuwahi kudai kwa sababu haikuwahi kuzimwa. Betri za jua zimeishikilia hai tangu siku alipoondoka. Miaka miwili ilikuwa ikinguruma vilevile alivyoiacha, na leo nimeizima mimi, kwa kitambaa mkononi.

Sasa hakuna nyimbo, hakuna matangazo, hakuna jalada. Simweete amezungumza hewani saa tatu mfululizo. Wasikilizaji wawili wamepiga simu kumpongeza. Hilo limeniuma kuliko seva.

Alhamisi, 12 Septemba

Kikao. Mkurugenzi ameuliza tatizo ni nini. Nikasema ni suala la usalama wa mitambo. Simweete akasema Mutinta apigiwe simu. Nikasema taratibu za usalama haziruhusu.

“Usalama au aibu?” akauliza.

Nikaomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nimesema usalama.

Nimemwandikia Mutinta ujumbe mara kumi na moja. Wa kwanza ulikuwa mrefu, na ndani yake kulikuwa na habari za hali ya hewa. Wa mwisho ulikuwa neno moja, “Habari.” Nao pia nimeufuta.

Alasiri Bina Mizinga amerudi. Alisikia redio haina nyimbo. Hakulalamika. Aliniletea mfuko wa karanga, akaketi kwenye benchi la wageni.

“Pale mwanzo, kabla ya kupiga, anakohoa kidogo,” akasema. “Msikikate kile kikohozi. Nimeanza kusahau kilivyokuwa.”

Nikaenda kukata tiketi ya basi.

Ijumaa, 13 Septemba

Livingstone. Mutinta anashughulikia kompyuta za hoteli moja kule upande wa maporomoko. Nilikuwa nimejiandalia maneno: nimekuja mjini kununua nyaya, nikaona nipite kusalimia. Akatoka hadi getini. Bado anasukuma miwani kwa kidole cha kati. Nikasema yale ya nyaya.

Akasema hajawahi kuona mtu akisafiri kutoka Choma kufuata nyaya akiwa na mfuko wa karanga.

Nikamweleza yote. Alama mbili, kitambaa, kikohozi. Akanitazama.

“Siku yangu ya mwisho nilikupa bahasha.”

Nilijua. Iko nyumbani, kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani.

“Hukuifungua?”

Nikasema niliihifadhi. Sikumwambia kwamba nilidhani ni barua. Barua isiyofunguliwa unaweza kuishi nayo vizuri. Inasema chochote unachotaka iseme.

Alicheka hadi akavua miwani kuifuta. Kisha hakucheka tena. Akasema ile sentensi yeye mwenyewe haikumbuki, ila iko humo na nenosiri lake pia. Akanipa masharti matatu: wasimamizi wawe wawili daima, maneno ya siri yaandikwe kwenye daftari la ofisi, na jina lake lifutwe.

“Na uisome yote, Hamoonga. Hadi chini.”

Akanisindikiza kituoni. Tukasimama.

“Kama una neno jingine, sema. Basi lako halijajaa.”

Nikamuuliza kama ananishauri ninunue feni ya kupoozea seva. Akasema feni ni kitu kizuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeifungua alfajiri. Karatasi moja. Juu, sentensi ya diski: Hamoonga, kunywa chai ingali moto. Katikati, nenosiri. Chini kabisa, mwandiko umebadilika kidogo:

“Basi langu ni la saa tisa. Ukija kunisindikiza nitafurahi.”

Nilikaa kitandani nimevaa kiatu kimoja. Saa tisa ya siku ile nilikuwa ofisini, nikipangusa meza yake.

Kisha nikakimbia redioni. Seva ikaamka kwa sentensi ileile. Nikaingia kwa jina la Mutinta, nikajirudishia usimamizi, nikamrudishia na Simweete. Simweete akanipakia kwenye pikipiki yake hadi makaburini, spika mgongoni kwangu, na njia nzima hakunisema.

Kitambaa kilipoondolewa kwenye jiwe, nikabonyeza. Kwanza jogoo wa kwao. Kisha kikohozi. Kisha kalumbu. Bina Mizinga akaketi chini kwenye vumbi na nguo yake mpya, na hakuna aliyemwinua. Wimbo ulipokwisha akaomba arudishiwe mwanzo. Si wimbo. Kikohozi tu. Nilikirudia mara nne.

Simweete alikuwa ametazama pembeni muda mrefu. Nami pia.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada nimempigia Mutinta. Nimempa habari za jana. Akauliza kama niliisoma yote.

Nikasema yote.

“Hadi chini?”

Hadi chini. Akasubiri. Nilisikia maji ya bomba upande wake, kisha bomba likafungwa. Nilikuwa na la kusema, lilikuwa limefika mdomoni.

Nikamwambia nimebadilisha sentensi ya diski, kwa ajili ya usalama. Sasa ina maneno saba. Nikamsomea moja moja, nikamwomba anitunzie.

“Kwa nini mimi?”

Nikasema kwa sababu ni mwaminifu.

“Hilo ndilo ulilonipigia?”

Nikasema ndilo. Akasema sawa, ameyaandika, na uji wake unaungua.

Simweete nimemwondoa kwenye orodha, na safari hii nimehesabu alama mara mbili. Jina la Mutinta sijalifuta. Kwenye daftari la ofisi sijaandika kitu; daftari husomwa na kila mtu. Nikisahau, itabidi nipande basi tu, hakuna njia nyingine.

Hadi jioni hii nayakumbuka maneno matano. Kesho, nikijitahidi, yatakuwa manne.