Pumba Mpaka Holi

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya kwanza ya pumba. Simtukani mtu. Ndicho kifungua kinywa changu. Daktari kasema sukari imepanda, mke wangu Sulabha kasikia, na kufumba na kufumbua poha imetoweka mezani. Poha! Pepeta za mchele na kitunguu, manjano, karanga, nazi juu, ndimu pembeni. Ndiyo iliyonifanya nioe. Badala yake kuna boksi lenye picha ya mama mwembamba anayecheka peke yake. Ndani yake, pumba za ngano zilizokaushwa.

Boksi linasema maziwa baridi. Sulabha kamimina ya moto, kama mtu yeyote wa Pune mwenye akili timamu. Pumba zikanywea, zikawa uji kabla sijashika kijiko. Nikamwambia kuku wa mjomba wangu kule Satara wanalishwa kwa heshima zaidi. Akajibu kwamba kuku wa mjomba wangu hawana sukari.

Aliyemshauri ni Dabir, jirani wa mlango unaofuata. Mstaafu kama mimi, ila yeye wa benki na mimi wa shirika la umeme, na hachoki kunikumbusha. Anadai ameacha samli kabisa. Anadai anakula pumba kwa hiari. Anadai pia anaoka mwenyewe, kwenye oveni yake kubwa ya kioo. Jengo zima linamsifu. Simpendi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimejaribu nafaka nyingine za boksi, kwa nia njema kabisa. Vipete vya shayiri: ladha ya kamba. Mchanganyiko wa matunda: zabibu moja, nayo mzee kuliko mimi. Vidonge vya chokoleti: vitamu ajabu! Sulabha akasoma ubavu wa boksi, akalishusha chini kwa wajukuu wa mfagiaji.

Nikapanga mpango. Dukani kuna chevda ya kornfleksi, kitafunwa cha viungo na karanga. Nikaimwaga yote ndani ya boksi la pumba. Kwa macho hutofautishi. Leo asubuhi nikakaa mezani kwa unyenyekevu, nikasema niko tayari kwa pumba zangu. Sulabha akamimina maziwa ya moto. Maziwa yakageuka manjano. Mbegu za haradali zikaelea. Karanga nazo zikafuata.

Akalitazama bakuli. Akauliza tangu lini ngano inazaa karanga. Nikasema siku hizi kilimo kimeendelea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mdomo umeniponza. Nilisema kuoka si kazi, kama Dabir anaweza basi hata mbuzi anaweza. Sulabha akaweka kisu chini. Akasema haya, oka.

Masharti yake: kitu kimoja, kwa mikono yangu, humu ndani, na kiwe cha pumba hizo hizo. Siku ya Diwali sahani ipelekwe kwa Vimaltai, mke wa Dabir. Vimaltai akiomba cha pili bila kubembelezwa, poha inarudi kila Jumapili. Asipoomba, ni pumba kila siku mpaka sikukuu ya Holi, mwezi wa tatu, na kulalamika marufuku.

Nimekubali. Poha ni poha.

Jumanne, 22 Oktoba

Oveni hatuna. Keki itaokwa kwenye preshakuka, ile sufuria ya mvuke yenye filimbi. Binti yetu Mrunal kanieleza kwa simu: mwaga chumvi chini, weka bakuli la keki juu yake, usitie maji, toa mpira wa mfuniko, toa filimbi. Nikafuata neno kwa neno. Filimbi nikaiweka dirishani. Nikawasha moto, nikakaa na gazeti kusubiri filimbi tatu. Nani asiyejua? Wali filimbi tatu. Viazi filimbi tatu. Ndivyo jiko linavyosema na binadamu.

Ikalia ya kwanza. Ikalia ya pili. Ya tatu! Nikazima, nikafunua. Uji.

Nimefanya uchunguzi. Filimbi yangu ilikuwa bado dirishani. Zilizolia ni za dengu za Vimaltai, ng'ambo ya ukuta.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimerudia. Moto, gazeti, kusubiri. Kimya. Nikasema leo Vimaltai kachelewa kupika. Nikasoma habari za kriketi. Nikasoma bei za vitunguu. Nikamaliza matangazo ya vifo. Kumbe akina Dabir wamekwenda arusini!

Moshi ulipanda mpaka ghorofa ya juu. Keki na bakuli vilikataa kuachana, nikavitupa pamoja kwenye pipa la chini, nikapanda ngazi nikipiga mluzi. Si muda mfagiaji akabisha hodi. Bakuli mkononi. Akaligeuza, akanionyesha kitako: "Sulabha Ketkar", limechongwa, na tarehe ya harusi yetu. Vyombo vya stili vya mji huu ndivyo vilivyo, kila kimoja na jina la mwenyewe. Hata ukivitupa vinarudi nyumbani.

Sulabha akaliloweka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Akili imerudi. Wiki ya Diwali nyumba nyingi hubeba unga, samli na sukari hadi bekari ya Bashirbhai. Unamwachia na kopo lako. Anakuokea nankatai, biskuti za samli, kwenye tanuri lake, unazikuta ndani ya kopo. Sulabha alisema "humu ndani". Ndani ya nini, hakusema. Mimi nimeelewa ndani ya mji.

Nikakanda unga na pumba jikoni, nikachomoa kopo la stili kabatini, nikatoka Sulabha akiwa bafuni. Foleni ndefu. Na nani yuko mbele yangu, kopo kwapani, linanukia samli na iliki mpaka barabarani? Dabir! Bwana Oveni mwenyewe!

Alishtuka mpaka miwani ikateleza. Akasema ni mzigo wa dada wa mkewe. Nikasema na wangu pia. Tukazungumza habari za mvua, ambayo haikuwepo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimekwenda mapema kuchukua kopo. Makopo yamepangwa kwenye benchi, kila mfuniko na karatasi ya jina. Nikafungua langu. Nankatai za kahawia. Niligonga moja kwenye benchi, benchi likaingia alama. Nikafungua la Dabir. Za dhahabu! Zimepasuka juu inavyotakiwa, lozi katikati. Ilinitoka sauti.

Bashirbhai alikuwa ameinama tanurini. Karatasi zenyewe zimebandikwa kwa ujiuji wa unga, zinabanduka kirahisi. Jina langu likaenda kule, la Dabir likaja huku. Sioni kosa. Dabir ni mpenzi wa pumba, nimempatia pumba. Nami nikabeba kopo lenye karatasi ya Ketkar, tena Bashirbhai mwenyewe ndiye aliyenikabidhi.

Nimeliweka kabatini mahali pake. Makopo ya stili yote yanafanana.

Ijumaa, 1 Novemba

Diwali. Ushindi! Nilijipaka mafuta, nikaoga, nikavaa kurta mpya, nikapeleka sahani. Sulabha alikuja kama shahidi. Vimaltai akauma. Akafumba macho. Akaomba ya pili! Hajabembelezwa na mtu!

Dabir aliitazama sahani kwa muda mrefu. Shavu lake la kushoto limevimba. Angesema nini? Kwamba zake aliokewa bekari?

Vimaltai akaniambia, "Shemeji, una mkono wewe! Zetu mwaka huu zimetutia aibu, baba watoto kavunja jino. Hebu nipe siri, ulizipigia filimbi ngapi?"

Nikamwambia tatu.

Sulabha alipaliwa na kikohozi ghafla, akajiziba uso kwa ncha ya sari. Nadhani ni moshi wa fataki.

Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo Vimaltai akatujazia nankatai za kwao. Nilizitambua kwa uzito. Nikasema nimeshiba.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya poha. Sulabha aliwaalika akina Dabir. Tangu asubuhi harufu ya haradali ndani ya mafuta ya moto, kitunguu, manjano. Machozi yalinilenga, nasema kweli. Wanawake wakajipakulia kwanza. Poha halisi, na nazi juu. Kisha mimi na Dabir tukaletewa zetu. Manjano yapo. Kitunguu kipo. Karanga moja. Chini yake pumba, zimekaangwa kwa mtindo wa poha.

Nikasema ahadi ni deni. Sulabha akasema kabisa, akaenda kabatini. Akaleta kopo tulilokuwa nalo, Vimaltai akatoa la kwao kwenye kikapu. Wakayapindua mezani. Kopo la kabatini kwetu: "Vimal Dabir". Kopo la kwao: "Sulabha Ketkar", na tarehe ya harusi.

Hakuna aliyehitaji kusoma kwa sauti. Vimaltai alijua siku ile ile kopo lilipotoka bekari, alipotaka kuliosha. Wiki nzima wamekuwa wakicheka dirishani jikoni, na mimi nilidhani wanazungumzia bei ya nazi.

Dabir akaanza kutabasamu kwa upande wa uso usiovimba. Vimaltai akamwambia, "Na wewe usinichekee! Oveni yako inahifadhi vitunguu tangu tuinunue. Na hiyo samli kwenye nankatai ilijitia yenyewe? Vipimo vyako vya sukari nimeviona mfukoni mwa suruali." Hukumu ikatoka: pumba mpaka Holi, wote wawili.

Niliumia. Nikamuuliza Sulabha kwa nini asinipe tu poha yangu, nife nimeshiba. Akaacha kucheka. Akasema baba yake alikuwa na maneno hayo hayo, na vitamu alivificha chini ya godoro, wakamkata mguu, halafu wakamzika. "Mimi sitaki kula poha peke yangu, baba Mrunal. Ndiyo shida yangu, hamna nyingine." Akaisogeza sahani yake ya poha kando, akavuta yangu katikati yetu, akala pumba pamoja nami.

Nikamsogezea ile karanga moja.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimekula bakuli zima, na maziwa ya moto, bila kulalamika. Sulabha alifurahi, akanishika bega. Nilimwonea huruma. Nimeamua kubadilika.

Mchana nilikutana na Dabir ngazini. Tumepatana. Maadui wa jana, wafungwa wa leo. Tumechambua kosa kwa utulivu, kama watu wazima waliosoma, na tumelipata: kosa ni stili. Stili inachongwa majina. Plastiki haichongwi.

Basi nimenunua kopo la plastiki. Dabir kalijaza chevda mpaka juu, yenye sukari na zabibu. Limefichwa kwenye kabati la mita za umeme, ambalo humu jengoni nalielewa mimi tu. Likikutwa, hakuna binadamu atakayejua ni la nani.

Kabla ya kulifunga kabati nimeandika jina langu kitakoni, kwa wino usiofutika, herufi kubwa. Yule Dabir simwamini.