Mashine ya Bluu Yamlowesha Mwenyekiti

Gazeti la mji wa Yarrawee lilitandazwa kwenye meza ya klabu ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, katikati ya chai na skonzi. Picha ya mbele: Mama Noreen, mwenyekiti, kwenye nguo nyeupe pepepe, kalowa chapachapa katikati ya fainali.

"Umetoka vizuri, mama," alisema Kadogo, pande la mtu.

"Funga bakuli lako! Bluu, lete ufunguo wa pampu. Tunarudi kumwagilia nyasi kwa mkono, kwa mpira wa maji."

Bluu, jina la utani tu maana nywele zake ni nyekundu, aliubana ufunguo mfukoni. Tangu astaafu, pampu ile ya kujiendesha aliyoiunda mwenyewe tu ndiyo ilikuwa inamtoa nyumbani.

"Kosa dogo, jamani! Vihisi ni vitatu. Kimoja kinaangalia kama udongo umekauka, kingine kama geti limefungwa, kingine kama uwanjani hamna mtu. Kila kimoja kinajibu moja kwa ndiyo, sifuri kwa hapana. Majibu nayapanga kwenye namba moja, kila jibu na nafasi yake. Sasa mimi nikayaunganisha kwa AU."

"AU ndo nini?" Kadogo aliuliza.

"Ndiyo moja tu ikipatikana, maji yanafunguka. Udongo ulikuwa mkavu..."

"Na mimi nimesimama pale!" Noreen alifoka.

"Usiku nimeweka NA. Sasa mpaka wote watatu waseme ndiyo."

"Wote wakubaliane? Klabu hii?" Kadogo aliangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Nyasi zitakufa!"

"Kasimame uwanjani, tuone," Noreen aliamuru.

Bluu akaenda, akasimama katikati ya nyasi, macho kayafumba. Hata tone la maji halikutoka.

"Mmeona?" alipiga kelele kwa furaha.

"Haya toka, funga geti. Tuone ikimwaga."

Akatoka, akafunga. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Kavu.

"Imekufa!" Noreen akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Haijafa! Udongo bado umelowa kwa mafuriko ya jana! Inajua kabisa, ndiyo maana imetulia. Inafanya kazi!"

Kadogo alimtazama Noreen, akaitazama pampu.

"Hebu ngoja. Inasikiliza kila mtu, inajua kila kitu, halafu haifanyi chochote, na bado inasema iko kazini?" Akavuta kiti kitupu pembeni ya mwenyekiti. "Mama, sogea kidogo. Mjumbe mpya wa kamati huyu."

Noreen alijikaza asicheke, ikashindikana. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Bluu.