Dalali wa Nini, na Mimi Nipo?

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimeanza maisha mapya. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alimwachia mke wangu, Inshirah, nyumba hapa Iskandaria, mtaa wa Sidi Bishr, ghorofa ya tano ya jengo hilihili tunamoishi. Inshirah anataka ipate mpangaji kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kaka yake anamleta mwanawe, Hamdi, eti apumzike humo kidogo. Hamdi anapumzika tangu alipomaliza chuo. Akiingia, hatoki. Maneno hayo si yangu. Ni ya Inshirah mwenyewe, na yule ni damu yake.

Akanituma kwa Hagi Bayumi, dalali, yule anayeshinda mkahawani chini ya jengo akibangua mbegu za alizeti. Nimekwenda. Anataka ujira wa kodi ya mwezi mzima. Kwa kazi gani? Kufungua mlango! Nimemwambia mlango najua kuufungua mwenyewe. Hakukasirika hata kidogo. Ametema ganda karibu na kiatu changu, akanitakia kila la heri.

Nimepanda ngazi mwepesi kama unyoya. Mwenye nyumba: mimi. Dalali: mimi. Fundi: mimi. Inshirah ameniuliza nani atakayezungumza na watu, kwa kuwa mimi nikibishiwa neno moja tu nawaka. Nikaenda kutafuta kalamu ya kuandikia tangazo. Mwanzo mzuri hauulizwi maswali.

Jumapili, 4 Mei

Tangazo liko mlangoni mwa duka la mikate. Nimeliandika kwa mkono wangu: nyumba safi, bahari yaonekana. Ni kweli tupu. Ukisimama juu ya ukingo wa beseni la kuogea, ukatoa kichwa dirishani, ukatazama kushoto kati ya matangi ya maji ya jirani, bahari ipo. Ya buluu kabisa.

Hagi Bayumi amelisoma. Nimemwona kwa macho yangu. Ameniuliza kama wapangaji watapewa ngazi au waje na yao.

Wivu.

Jumatatu, 5 Mei

Wageni wa kwanza! Kijana na mchumba wake, na mama wa kijana, Sitti Wagida, mwanamke wa kimo kifupi na maswali marefu. Vyumba wamevipenda. Jiko wamelipenda. Sitti Wagida akataka bahari.

Nikampeleka bafuni. Nikampa mkono, akapanda ukingoni, akatoa kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, kwamba anaiona. Nilifurahi mno. Nikasogea nyuma ili nimwachie nafasi ya kufurahia, kiwiko kikafungua bomba la mvua, na maji yote yakamshukia mgongoni.

Bomba linafanya kazi vizuri sana. Nilimwambia hivyo. Hakuwa katika hali ya kusikiliza.

Wameondoka, yeye amejifunga taulo letu. Walipopita mkahawani, Hagi Bayumi amesimama kwa heshima.

Jumanne, 6 Mei

Nimeoga, na nikiwa bafuni nimepata jibu. Tatizo si mimi. Tatizo ni kwamba mimi ndiye mwenye nyumba. Watu wakimwona mwenye nyumba wanadhani anaficha jambo. Dalali naye wanajua anaficha jambo, kwa hiyo wametulia. Wanahitaji dalali!

Basi watampata. Anaitwa Bwana Fikri. Ana miwani myeusi, sauti nzito na laini yake ya simu, niliyoinunua leo. Ujira wake ni bure, kwani ni mimi. Nimebadilisha tangazo. Nimefanya mazoezi ya sauti sebuleni hadi Inshirah akaniletea asali na limau, akidhani koo linauma.

Jumatano, 7 Mei

Fikri ni hodari kupita nilivyotarajia. Asubuhi amempokea Daktari Safinaz, daktari wa meno anayehamia mtaani pamoja na baba yake. Mwanamke mtulivu, anayekutazama mdomo wakati unazungumza. Nyumba imemfaa. Hata bahari hakuulizia. Akaomba tu kodi ipunguzwe.

Hapo Fikri akaninogea. Akasema mwenye nyumba ni mgumu, bahili, lakini yeye atamlainisha. Akapunguza. Daktari akaomba tena, Fikri akapunguza tena. Nilikuwa nimefika chini ndipo nilipokumbuka inayopunguzwa ni kodi ya nani. Nikamchukia Fikri kwa moyo wote.

Mchana daktari akampigia mwenye nyumba, yaani mimi, kwenye laini ya zamani. Akasema dalali wangu ni mpayukaji na ananiita bahili kwa wageni. Akashauri tumwache kando, tuelewane wawili. Hicho ndicho ninachokitaka tangu Jumamosi! Ningesema ndiyo, nyumba ingekuwa imekwenda.

Lakini nikabishiwa, nikawaka. Nikamwambia Fikri ni mtu mwadilifu, mwenye familia. Akauliza ana watoto wangapi. Nikasema wanne. Sijui wametoka wapi.

Akasema vizuri, basi kesho tukutane hapo nyumbani, sote watatu.

Nimekubali. Sote watatu.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango ulikuwa safi. Fikri ampokee daktari sebuleni, amwambie mwenye nyumba yuko chumbani na kipandauso, aingie kwake, atoke na majibu. Miwani mfukoni, koti la kuvaa na kuvua.

Mwanzoni ulikwenda kama saa. Fikri akaingia chumbani, akafunga mlango, akamsihi mwenye nyumba kwa sauti nzito. Mwenye nyumba akakataa kwa sauti yangu. Fikri akasisitiza. Mwenye nyumba akamwita tapeli. Fikri akasema bora tapeli kuliko bahili anayeuza bahari ya beseni. Hilo liliniuma. Nikamjibu, akanijibu, nikapiga kabati teke, na kusema kweli sijawahi kubishana na mtu anayeujua udhaifu wangu vile.

Nilipofungua mlango, koti limevaliwa mkono mmoja, sebuleni walikuwa watatu. Daktari, Inshirah na Hagi Bayumi. Kumbe Inshirah alimpa Hagi ufunguo tangu Jumatatu, baada ya taulo. Na aliyemwomba Hagi aje leo ni daktari huyohuyo, aliyechoka na Fikri.

Daktari alikuwa akifuta machozi. Nilidhani nimemuudhi. Alikuwa akicheka.

"Bwana Shauki," aliniambia, "nyumba naitaka, na kwa kodi ile ya kwanza. Lakini nitapitia kwa Hagi. Maji yakikatika nataka kumpigia mtu mmoja, si wawili wanaogombana."

Inshirah, aliyekwishasimuliwa yote na daktari, hakucheka. Alinitengeneza ukosi, akaniuliza polepole kama watoto wanne wamekula.

Ijumaa, 9 Mei

Daktari amehamia na baba yake, mzee anayesalimia kila kiti kabla ya kukikalia. Hamdi amefika na mito yake miwili, akaambiwa pana watu, akarudi kwao. Inshirah ameimba jikoni, amepika samaki kwa wali wa kahawia, na kipande kikubwa amenipa mimi. Ameniambia hivi: nyumba ya mama yake imepona, na hilo ndilo alilolitaka, hayo mengine ni vituko vyangu na ameshavizoea tangu harusi. Nikajisikia vizuri hadi machozi yakanilenga.

Hagi Bayumi amekuja kuchukua ujira wake. Ameulizia afya ya Bwana Fikri. Nimesema amesafiri.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetafakari kwa utulivu. Nimejikosoa bila huruma. Mtu mzima lazima ajue alipoteleza.

Niliteleza kwenye jina. Fikri ni jina laini mno. Mtu anayeitwa Fikri anapunguza kodi, afanyeje?

Asubuhi hii mjane wa ghorofa ya pili, Bi Tahani, amenisimamisha kwenye ngazi. Ana duka tupu upande wa barabara, na anaogopa madalali. Ameniuliza kama namjua yeyote mwaminifu. Nimemwambia yupo mmoja, mtu mgumu, aliyewahi kuwa askari, anaitwa Kanali Gabr, naye atampigia leo baada ya chakula cha mchana.

Inshirah ameniletea asali na limau. Ameikuta sauti yangu ya mazoezi iko chini zaidi kuliko ya Jumanne. Na Kanali, nimegundua, ana kikohozi kizuri sana.