Mabamba ya Asbesto Darini Kwetu

Kimamba, Jumatatu, 9 Juni 1975
Sipumui vizuri. Jarida la zamani la maktaba ya shule linasema vumbi la asbesto huingia kifuani, hukaa miaka, kisha huua. Nikapanda darini. Mabamba kumi na mawili! Yaliwekwa na meneja wa zamani wa shamba la mkonge. Moja limepasuka juu ya kitanda cha Bibi. Bibi anakohoa! Nimemweleza Baba. Amesema nisome vya mtihani.

Jumanne, 10 Juni
Nimeyalowesha maji, kama jarida linavyoagiza, pua nimeziba kwa kanga ya Mama. Maji yote yamemwagikia Bibi. Shikamoo yangu hakuiitikia hadi jioni.

Jumatano, 11 Juni
Wanahitajika watu wazima wa kuyabandua. Lakini mbele ya Mzee Lupakisyo, balozi wetu wa nyumba kumi, ulimi hunikauka. Nimemwandikia barua bila jina. Nikitaja hatari, nani atakuja? Nimeandika kwamba darini kwetu kuna mabamba ya thamani kutoka Ulaya.

Alhamisi, 12 Juni
Wamekuja nyumba zote kumi! Kazi ya pamoja, msaragambo, nyimbo, nyundo. Vumbi kama ukungu. Nilijifungia chooni. Balozi akatangaza kwamba katika Ujamaa hakuna mali ya mtu mmoja, akagawa bamba moja kila nyumba. Mawili yaliyobaki akayachukua yeye, kwa uchovu wa uongozi. La kwetu Baba amenitengenezea meza ya kusomea. Nasomea nimesimama, mlangoni.

Ijumaa, 13 Juni
Mke wa balozi anaanika makopa ya muhogo juu ya lake. Onesphory wa darasani kwetu analisugua la kwao kwa tofali, apate ubao wa drafti. Akaniita: Profesa, njoo unisaidie kupuliza vumbi! Nilikimbia hadi stesheni.

Jumamosi, 14 Juni
Barua ya pili kwa balozi, bila jina. Mabamba ni mali ya serikali, atakayekutwa nayo atafungwa.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka kanisani, tumeyakuta yote uani kwetu. Yamepondwapondwa yasitambulike! Baba anauliza ni nani anayetaka yeye afungwe. Bibi ameinama katikati ya vumbi na ufagio, anakohoa. Nimempokonya ufagio. Kanizaba kofi.
Lazima vifusi viondoke leo. Nimeketi chooni na kalamu. Kijiji kizima kinalia shida ya mbolea. Basi, barua ya tatu: hii ni mbolea ya Ulaya, kila mtu aje na ndoo yake.